Wanafunzi wanapoondoka kimyakimya: mlezi mpya wa chuo aanzie wapi?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kimoja Kanda ya Ziwa. Mwaka huu Mkuu wa Chuo amenikabidhi pia kazi ya ulezi wa wanafunzi. Tuna wanafunzi wapatao 160. Zaidi ya nusu wanakaa bweni, waliobaki wamepanga mtaani au wanatoka kwao kila siku. Kila mwaka tunapokea wengi na kumaliza na wachache. Nimeagizwa niandike mpango wa kuboresha huduma za wanafunzi, na wenzangu wanashauri tujenge ofisi ya ushauri nasaha na kuiomba wizara itupatie mshauri. Fedha ni kidogo sana. Nianzie wapi? Na wale mabinti wenye watoto tuwasaidieje?

JIBU

Mwalimu, hongera kwa kuaminiwa, na pole kwa mzigo. Najua ulezi wa wanafunzi katika vyuo vyetu hukabidhiwa mtu pasipo kupunguziwa vipindi wala kupewa chumba cha kuzungumza na mwanafunzi faraghani. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili nimelisikia karibu katika kila Chuo cha Maendeleo ya Wananchi (FDC) nilichowahi kufanya kazi nacho. Jibu la haraka ni hili: ofisi isubiri. Anza na daftari la mahudhurio na simu yenye salio.

Mwanafunzi wa FDC haachi chuo kwa siku moja. Kwanza hukosa Jumatatu, kwa sababu mwisho wa wiki alikwenda nyumbani kutafuta hela ya matumizi na nauli ya kurudia haikupatikana. Jumatano anarudi, anakuta wenzake wameshakata sketi na wanaunga, naye hajui ashike wapi. Anaona haya kuuliza. Wiki inayofuata anakosa siku tatu. Mwezi ukiisha godoro lake halipo bwenini, na mwalimu wa darasa akiulizwa anajibu, "Yule? Nasikia kaolewa." Hakuna aliyemfukuza. Lakini tangu Jumatatu ile mpaka siku godoro lilipotoka, hapakuwa na mtu hata mmoja chuoni ambaye kazi yake ilikuwa kujua binti yule yuko wapi. Pengo hilo ndilo unalotakiwa kuliziba kwanza, na halihitaji jengo.

Vyuo hivi vilipoanzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden na jirani zake, mwanafunzi hakuja kwa nafsi yake tu. Kijiji kilimchagua, kikamtuma, kikamngoja arudi awe fundi wake au kiongozi wa ushirika. Akipotea, kulikuwa na watu wa kuuliza. Mwanafunzi wako wa leo amejaza fomu mwenyewe, au amejaziwa na mjomba, na huko kwao mara nyingi wanaamini chuo kimeshampokea, basi yuko mikononi mwa chuo. Chuo nacho kinaamini ana wazazi. Katikati hapo ndipo anapopotelea.

Sasa utaratibu wenyewe. Walimu wengi wanaita majina kila asubuhi, kisha daftari linafungiwa kabatini mpaka mkaguzi aje. Omba jambo moja tu kwa wenzako: kila siku kabla ya chakula cha mchana, kila mwalimu wa darasa akuletee kwenye kipande cha karatasi majina ya waliokosekana. Hata kama hakuna aliyekosa, aandike "wote wapo". Usidai ripoti wala maelezo. Ukidai maelezo, baada ya wiki mbili hutaletewa kitu. Mwanafunzi aliyekosa siku mbili mfululizo bila ruhusa anapigiwa simu siku hiyo hiyo, na asipopatikana anapigiwa mtu wake wa karibu. Siku mbili zinatosha. Vyuo vinavyongoja wiki mbili ili kuandika barua ya onyo huwa vinamwandikia mtu ambaye ameshaanza kazi ya ndani mjini.

Anayepiga simu awe nani? Si lazima uwe wewe kila mara. Wagawe wanafunzi 160 kwa watumishi wote, akiwemo mhasibu, matroni na hata Mkuu wa Chuo mwenyewe. Watumishi kumi na mbili wakijigawia, kila mmoja hana zaidi ya wanafunzi kumi na wanne. Mwanafunzi ajue tangu siku ya kusajiliwa kwamba mtu wangu ni fulani. Na lugha ya simu ile ni ya muhimu kuliko watu wanavyodhani. "Kwa nini hujafika chuoni?" ni swali la polisi, na binti atajibu anaumwa hata kama ni mzima. Jaribu hivi: "Tumekuwaza, leo siku ya pili hatujakuona. Kuna nini huko?" Halafu nyamaza, umwache aseme.

Namba za simu nazo zina mambo yake. Fomu zetu zinaandika namba ya mzazi mmoja, na katikati ya mwaka namba hiyo haipatikani. Siku ya usajili chukua tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi au mlezi, na ya mtu mwingine wa familia anayeaminiwa na mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi shangazi, dada au bibi. Andika pia jina la kitongoji na la mwenyekiti wake. Kuna wasichana ambao ukimpigia baba unawaongezea matatizo, kwa hiyo muulize mwanafunzi ana kwa ana: likitokea jambo, ungependa nimpigie nani kwanza?

Baada ya kila simu andika sababu katika daftari lako, kwa maneno aliyoyatumia mwenyewe. Usiandike "matatizo ya kifamilia". Andika "nauli", "mtoto ana homa, hakuna wa kumwachia", "anadaiwa ada, anaogopa kukutana na mhasibu", "hana kitambaa cha kufanyia mazoezi", "baba anataka afundishwe umeme, yeye anapenda mapishi". Daftari hili ni siri, halikai juu ya meza ya ofisi ya walimu. Miezi miwili mitatu ikipita utakuwa na kitu ambacho hakuna mshauri kutoka Dodoma anayeweza kukuletea: sababu halisi zinazowaondoa wanafunzi wa chuo chako. Mpango wako ujengwe juu ya hizo. Nimesoma mipango mingi ya vyuo iliyoandikwa kwa kuangalia wafadhili wanapenda nini mwaka huo, na wanafunzi waliendelea kuondoka kwa sababu zilezile.

Hata kabla daftari halijajaa, nakuambia kwa uzoefu kwamba fedha itakuwa juu, nayo kwa kawaida ni fedha ndogo. Chukua mfano wa karakana yako mwenyewe. Fomu ya kujiunga inamtaka mwanafunzi wa ushonaji aje na mkasi, tepu, karatasi za kaki za kuchorea na vitambaa, mbali na godoro, ndoo, jembe na rimu. Mzazi amekopa ada awamu ya kwanza, akanunua godoro, hela ikaishia hapo. Binti anafika na begi na matumaini. Somo la vitendo linaanza, wenzake wanakata, yeye amekaa ukingoni mwa meza akiwashikia kitambaa kisiteleze. Siku ya kwanza anaonekana ana moyo wa kusaidia. Siku ya nne anaazima mkasi, mwenye mkasi anamwambia subiri nimalize. Wiki ya tatu anaanza kukaa bwenini saa za karakana akisema kichwa kinamuuma. Umewaona hawa, Mwalimu. Pita kesho katikati ya meza na uhesabu ni wangapi wanashona na ni wangapi wanaangalia.

Dawa yake ni seti za kuazima. Chuo kinunue mikasi na tepu kadhaa, vipigwe namba kwa rangi, viwekwe sandukuni, na mwanafunzi achukue kwa kusaini asubuhi na kurudisha jioni. Vitambaa vya mazoezi omba makapi kwa mafundi wa mjini na magunia ya unga ya kitambaa, vinatosha kabisa kujifunzia mshono ulionyooka. Kisha rekebisha ile fomu. Kaeni walimu wote mpitie kila kitu kilichoandikwa na mjiulize kama mwanafunzi atakihitaji katika mwezi wa kwanza. Visivyohitajika mara moja viandikwe kwenye orodha ya pili, ya muhula unaofuata. Vingine vifutwe. Sijapata kuona chuo ambacho kingeanguka kwa kukosa rimu ya kila mwanafunzi.

Kuhusu ada, zungumza na mhasibu na Mkuu wa Chuo muweke utaratibu mmoja ulioandikwa. Mwanafunzi anayedaiwa aitwe na kupangiwa awamu kabla ya tarehe ya mwisho, akipewa kontroo namba yake (namba ya kulipia serikalini) mapema na kueleweshwa kwamba anaweza kuilipia kidogokidogo, kama chuo kimeiruhusu hivyo. Ile desturi ya kusimamisha watu mstarini na kusoma majina ya wadaiwa, kisha kuwarudisha nyumbani "wakafuate ada", iacheni. Anayeishi kilomita themanini kutoka chuoni anatumia nauli kwenda na kurudi ambayo ingepunguza deni lenyewe, na wengine hawarudi. Chuo kinabaki hakina ada wala mwanafunzi.

Halafu anzisheni mfuko mdogo wa dharura. Msiupe jina kubwa. Uwe wa nauli, dawa, taulo za kike, chakula cha siku chache, na unga wa mtoto. Fedha yake itoke kwenye miradi ya uzalishaji, maana karibu kila FDC ina shamba, bustani, kuku au karakana inayoweza kuuza kitu. Nyinyi mnaoshona mna bahati: shule za msingi na sekondari za jirani zinahitaji sare kila Desemba na Januari. Mkiandika barua mapema kwa walimu wakuu na kushona vizuri, wanafunzi wanajifunza kwa kazi halisi, na asilimia fulani ya faida, mliyokubaliana kwa maandishi, inaingia mfukoni humo kwa kufuata taratibu za fedha za chuo. Waamuzi wawe wawili au watatu, na jibu litoke ndani ya siku moja. Msaada wa nauli unaopitishwa na kikao cha mwisho wa mwezi haumsaidii mtu ambaye yuko stendi leo.

Pengine Mkuu wa Chuo atakuuliza kama vitu vidogo namna hii vina uthibitisho wowote. Vinao. Marekani ina vyuo vya jamii, vya miaka miwili, vinavyopokea watu wa kipato cha chini, wazazi wachanga na wafanyakazi, na vimeteseka kwa miaka mingi na tatizo lilelile la kupokea wengi na kumaliza na wachache. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi aliyeingia alitakiwa kusoma muda wote. Chuo kilimpa mshauri mmoja anayemfahamu, aliyekuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80 tu, kikamfidia sehemu ya ada iliyobaki baada ya ruzuku, kikampa vitabu na kadi ya kupandia treni na mabasi ya jiji. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliwagawa wanafunzi kwa kura, wengine wakaingia ASAP na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu waliohitimu katika kundi la ASAP walikuwa asilimia 40, na katika kundi la pili asilimia 22. Vyuo vitatu vya Ohio vilipoiga mpango huo, matokeo yao nayo yalikaribia mara mbili.

Sisemi tuige New York. Bajeti ya kule na ya kwenu haviwekwi kwenye mizani moja. Ninachotaka Mkuu wako akione ni kwamba kadi ya basi ilihesabiwa kuwa sehemu ya elimu, na kwamba nauli, vitabu, ada na mtu anayekujua vilitolewa kwa pamoja. Ukimpa binti nauli na ukamwacha bila mtu wa kumuuliza hali, atakuja wiki moja. Ukimpa mshauri mzuri bila nauli, atashauriwa vizuri na kubaki nyumbani.

Sasa niende kwa mabinti wenye watoto, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ndipo vyuo vyetu vina jambo la kujivunia na pia la kurekebisha.

FDC ziliwapokea wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wakati shule za serikali zilikuwa zimewafungia mlango. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, uliosimamiwa na shirika la Karibu Tanzania Organization pamoja na Wizara ya Elimu, vyuo vingi viliwapa masomo ya sekondari, ufundi na ujasiriamali, na kuwawekea kituo cha kulelea watoto hapohapo chuoni. Baadaye, Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Hata hivyo wapo wengi ambao shule ya kawaida haiwafai tena: ana umri wa miaka ishirini na mmoja, ana mtoto wa miaka miwili, na anataka ufundi utakaomlisha. Huyo ni mwanafunzi wako halali, hayuko chuoni kwa huruma ya mtu.

Kituo cha watoto ndicho huduma ya kwanza kwake, na ubora wake unaonekana katika mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Kinafunguliwa saa ngapi? Kama kipindi cha kwanza kinaanza saa mbili kasoro robo na kituo kinafunguliwa saa mbili, mama atachelewa kila siku na kuitwa mvivu. Kiko umbali gani na karakana? Mtoto anayenyonya anahitaji mama yake katikati ya asubuhi, kwa hiyo ratiba iwe na mapumziko ya kutosha kwenda, kunyonyesha na kurudi, na pawepo kiti na pazia. Nani anamwangalia mtoto? Awe mlezi anayelipwa na anayejulikana. Msiweke zamu za akina mama wenyewe, maana anayeshika zamu ndiye anayekosa somo. Kama chuo chenu kinafundisha malezi ya watoto wadogo, wanafunzi wa kozi hiyo wanaweza kufanyia mazoezi hapo chini ya mlezi, na pande zote zikafaidika. Uji uwepo. Maji ya kunawa yawepo. Na bwenini akina mama wapewe chumba chao chenye vyandarua vya kutosha vitanda vyote, ili mtoto akilia saa nane za usiku wasilaumiwe na chumba kizima.

Kisha kuna siku mtoto anaumwa. Hilo litatokea, tena mara nyingi, na mkilingoja bila utaratibu litawaondoa mabinti wazuri kabisa. Wekeni kanuni kwamba mama mwenye mtoto mgonjwa, au mwenye tarehe ya kliniki, anatoa taarifa na anahesabiwa ana ruhusa, na kila kozi iwe na jioni moja kwa wiki ya kufidia kazi za vitendo. Jioni hiyo itawafaa pia wale wa nauli na wale waliokuwa na malaria. Msiwatenge akina mama kwa vikao vya maadili vya peke yao. Wameshasemwa vya kutosha huko walikotoka. Kama mnataka kuzungumza kuhusu uzazi wa mpango na afya, mwiteni muuguzi wa zahanati azungumze na wanafunzi wote, wavulana wakiwemo, kwa sababu hao nao ni wazazi.

Nikiwa hapo kwa wasichana, siwezi kuliacha jambo la usalama. Mtu anayemtaka kimapenzi mwanafunzi wake kwa ahadi ya alama, nafasi ya mazoezi kazini au kufutiwa kosa anatenda jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono waziwazi. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, nayo ni bure, na vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Namba hizi zibandikwe ndani ya milango ya vyoo vya wasichana na vya wavulana, mahali ambapo mtu anaweza kuzisoma bila kuonekana anazisoma.

Sanduku la maoni lililopo mbele ya ofisi ya utawala halitoshi. Kila anayelisogelea anaonekana, na wanafunzi wanajua ufunguo uko kwa nani. Wapeni njia mbili za watu: mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, waliopendekezwa na wanafunzi wenyewe kwa kura ya siri, na angalau mmoja wao asiwe mwalimu anayetoa alama. Matroni mwenye busara au mwuguzi anafaa sana. Na ikitokea malalamiko, anayelalamika asihamishwe darasa wala bweni kabla anayelalamikiwa hajaguswa. Wanafunzi wanatazama tukio la kwanza linavyoshughulikiwa, na kwa hilo wanaamua kama watasema tena.

Waliopanga mtaani usiwasahau. Wengi wanaishi vyumba vya uani visivyo na kitasa cha maana, na msichana asiye na hela ya kodi ana watu wengi wa kujitolea kumlipia. Tengeneza orodha ya nyumba wanamokaa, uzitembelee mara moja kila muhula ukiwa na mjumbe wa serikali ya wanafunzi, uzungumze na wenye nyumba. Ziara moja tu ya mwalimu inamfanya mwenye nyumba ajue kwamba binti huyu ana watu.

Yako mengine nitayapitia kwa haraka. Wiki tatu za mwanzo ruhusuni kubadilisha kozi bila adhabu, na wapitisheni wanafunzi wapya katika karakana zote kabla hawajachagua, kwa kuwa wengi wamechaguliwa kozi na baba au na jirani. Wapimeni kusoma na hesabu za vipimo kwa upole, bila kutangaza alama, na asiyeweza kugawa sentimita apate rafiki wa mwaka wa pili wa kumfundisha jioni. Mwenye ulemavu muulize mwenyewe anahitaji nini kabla hamjaamua. Na katika miezi ya mwisho mwalikeni afisa maendeleo ya jamii wa kata aeleze mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi viundwe na karatasi ziandaliwe wakiwa bado chuoni, wakiwa na mwalimu wa kuwasomea fomu. Akishatawanyika kila mtu kwao, kikundi hakiundiki tena.

Nirudi kwenye ushauri nasaha, kwa kuwa wenzako hawajakosea kuona unahitajika. Baadhi ya watakaopigiwa simu watakuwa na mambo mazito: kubakwa, kufiwa, kutaka kujidhuru, ulevi nyumbani. Wewe na wenzako hamtakiwi kuyatibu. Mnatakiwa kusikiliza bila kuhukumu, kutomwacha peke yake aliyesema anataka kujiua, na kujua mlango wa kumpeleka. Halmashauri yenu ina afisa ustawi wa jamii. Nenda umwone mwezi huu kabla hujamhitaji, uchukue namba yake, umwombe aje chuoni siku moja kuwafundisha watumishi misingi ya kusikiliza na mipaka ya siri, yaani ni lipi linabaki kati yenu na ni lipi sheria inakutaka ulitolee taarifa. Fanya hivyo pia kwa mganga wa kituo cha afya cha karibu. Hawa wawili ni watumishi wa umma waliopo tayari, na vyuo vingi havijawahi kuwagongea mlango.

Mpango wako kwa Mkuu wa Chuo uwe ukurasa mmoja. Uandike mambo matatu ya mwaka huu: kufuatilia wasiofika, sanduku la vifaa na mfuko wa dharura, na saa za kituo cha watoto. Kila moja liwe na gharama yake na jina la mtu. Kipimo kiwe kimoja: kati ya waliosajiliwa mwanzo wa mwaka, wangapi wapo darasani mwisho wa muhula wa kwanza, wangapi mwisho wa mwaka, ukitenganisha kozi kwa kozi, wa kike na wa kiume, bweni na kutwa. Na ombi la nne, ulitoe bila haya: upunguziwe vipindi. Kazi hii ukiifanya kwa mapenzi tu, baada ya vikao na masahihisho, itakufa muhula wa pili, nawe utakuwa umechoka.

Barua ya kuiomba wizara mshauri iandikeni, ila msiitume sasa. Subirini daftari lifikishe miezi mitatu, mtoe ndani yake muhtasari usio na majina: wangapi walikosa, kwa sababu zipi, wangapi walirudi baada ya simu, na wangapi walikuwa na matatizo yaliyozidi uwezo wa walimu. Muuambatanishe na barua hiyo, na nakala moja mumpelekee mwenyekiti wa bodi ya chuo kabla ya kikao chake kijacho.